Unataka Kuhama Job Uingie Animesheni? Soma Hii Kabla Ulipe Karo

Wacha tuanze na ukweli: hakuna studio itakuuliza ulilipa karo ngapi. Ukiomba kazi ya animesheni, kitu ya kwanza wataitisha ni rili, ile video fupi ya dakika moja hivi inaonyesha kazi umefanya na mikono yako. Ikibamba, wataendelea kusoma CV. Isipobamba, hata uwe na diploma tatu, wanafunga wanaenda kwa msee anayefuata.

Hii ni ya wewe uko kwa job ingine sai. Labda ni call center, duka la M-Pesa, kufunza ama kuuza simu pale Luthuli, na usiku unachora. Uko na thao hamsini, labda laki, umeweka kwa Sacco. Ukiitupa kwa shule mbaya, itachukua miaka kuipata tena. So kila kitu hapa chini kinajibu swali moja: hiyo doh, na hiyo time, itakufikisha kwa rili kali vipi bila kukuacha msoto?

KWANZA, HII KAZI IKO?

Iko, lakini haiji kama ya benki. Tinga Tinga Tales, ile ya wanyama wa rangi kali uliyoona ukiwa mtoi, ilitengenezewa hapa Nairobi kwa studio ya Homeboyz, ikaanza kuonyeshwa CBeebies ya Uingereza 2010. Mwaka wa 2023 Disney+ walitoa Kizazi Moto: Generation Fire, filamu fupi kumi za Waafrika, na moja yazo, Enkai, ni ya Mkenya Ng'endo Mukii. Mwaka huo huo Netflix wakaachilia Supa Team 4, ya wasichana wa Lusaka. Hapo Tanzania nao, Ubongo Kids imekuwa ikifunza watoi hesabu kwa Kiswahili tangu 2014.

Shida ni kwamba kazi kubwa kama hizo huja na kuisha. Mradi ukifungwa, contract inafungwa nayo. Kati ya mradi mmoja na mwingine, rent hulipwa na kazi ndogo ndogo: matangazo, video za NGO za kuelezea jambo, video za nyimbo, logo ya kampuni inayoruka ruka, katuni za watoto za YouTube. Ukiingia, ingia ukijua hivyo, juu hata shule unachagua inafaa ikufunze hizo pia.

CHAGUA KONA YAKO

Watu husema "nataka kufanya animesheni" ni kama kusema "nataka kufanya hospitali". Daktari ama dereva wa ambulensi? Ndani ya animesheni kuna kazi tofauti, na kila moja ina masomo yake:

1. Storibodi na kubuni wahusika. Hapa kuchora ndio kila kitu. Kama mkono wako ni mzito, jipe mwaka mzima wa kuchora watu.

2. Animesheni ya 2D. Unachora mwendo, fremu kwa fremu, ama unasongesha vipande kama vikaragosi vya karatasi. Kuchora ni muhimu sana.

3. Animesheni ya 3D. Mhusika ashatengenezwa, wewe unamfanya atembee, alie, adunde. Kuchora kunasaidia, lakini jicho la mwendo na uigizaji ndio linalipa.

4. Kuunda maumbo ya 3D, kumwekea mhusika mifupa ya kumsongesha, na kuweka taa. Kama ulikuwa unapenda hesabu, fundi bomba ama kucheza na waya, hapa unaweza kushangaza watu.

5. Michoro ya mwendo ya matangazo: maandishi, logo, grafu zinazosonga. Kwa mtu anahama kazi na ana rent, hii ndio njia fupi ya kuanza kuona doh Nairobi, juu kila biashara inahitaji tangazo.

Hujui ni gani yako? Studio ya Triggerfish ya Cape Town, wakishirikiana na Goethe-Institut, walianzisha Triggerfish Academy, masomo ya mtandaoni ya bure yanayoelezea kila kazi ndani ya studio. Khan Academy nao wana Pixar in a Box, bure pia, inaonyesha vile hesabu na hadithi hutumika kwa filamu. Wikendi moja ya bundles inatosha kujua unaelekea wapi.

SIKU 90 ZA BURE KABLA YA KARO

Hii ndio sehemu watu huruka, halafu wanajuta. Kabla ulipe shule yoyote, jipe miezi mitatu bila kuacha kazi, masaa mawili kwa siku. Vifaa viko:

Blender. Programu ya 3D ya bure kabisa, bila kuiba, bila crack. Na si ya watoto. Flow, filamu ya paka kutoka Latvia, ilitengenezwa na Blender na ikashinda Oscar ya filamu bora ya animesheni 2025, ikipita Inside Out 2 ya Pixar. Mwongozaji wake, Gints Zilbalodis, filamu yake ya kwanza ndefu, Away ya 2019, aliitengeneza peke yake. Lakini usidanganyike: Flow ilikula karibu euro milioni 3.5 na miaka ya kazi. Programu ni bure, jasho si bure.

Krita na OpenToonz. Zote bure, za kuchora na animesheni ya 2D. OpenToonz imetokana na Toonz, programu iliyotumika na Studio Ghibli ya Japani.

Simu yako. Kama huna kompyuta, FlipaClip kwa Android inatosha kuanza. Kidole chako ndio kalamu.

Karatasi na biro. Usicheke. Chora watu kwa stage ya matatu, makanga akining'inia mlangoni, mama mboga akikata sukuma, wazee wakicheza drafti. Sekunde thelathini kila mtu, halafu unaruka kwa mwingine. Studio za ng'ambo hulipa mamodeli wasimame wachorwe. Wewe uko na mamodeli wote wa Gikomba, na hawakuchaji hata ashu.

Sasa mpango wenyewe:

Mwezi wa kwanza: mpira unaodunda. Ndio, mpira tu. Mpira wa tenisi, halafu wa mawe, halafu puto. Kila mmoja ukionekana una uzito wake bila kuambia mtu ni mpira gani, umeelewa kitu. Soma zile kanuni kumi na mbili za animesheni. Ziliandikwa na wazee wawili wa Disney, Frank Thomas na Ollie Johnston, kwa kitabu chao cha 1981, The Illusion of Life, na watu wengi wamezielezea bure YouTube.

Mwezi wa pili: gunia la unga linaloruka, linaloogopa, linalochoka. Halina uso wala mikono, so mwendo wenyewe ndio unaongea. Baadaye, mtu akitembea.

Mwezi wa tatu: hadithi ya sekunde kumi. Hapa ndio utajua hujui. Filamu hukimbia fremu 24 kwa sekunde. Hata ukichora moja kwa kila fremu mbili, kama wengi wa 2D, hiyo ni michoro 12 kwa sekunde. Sekunde kumi ni michoro 120. Utachora mguu ule ule hadi uote nao.

Ukimaliza siku 90 na bado unaamka ukitaka kurudia ule mguu, endelea kusoma. Kama ulikwama kwa wiki ya pili na hukumiss, hiyo pia ni jibu, na imekugharimu bundles tu badala ya laki mbili.

KARO INANUNUA NINI HASA?

Masomo ya kubonyeza vitufe yako bure kila mahali. Kitu hakiko bure ni mtu anayejua, anayekaa na kazi yako, akikuambia "huyu mhusika wako anaelea, uzito uko kwa mguu gani?" Hiyo ndio unalipia. Kwa hivyo pima shule kwa kiasi cha kukosolewa unapata.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule A: karo laki mbili na nusu kasoro kidogo, tuseme 240,000 kwa mwaka. Darasa la watu 40, mwalimu anaangalia kazi yako dakika tano kwa wiki. Kwa wiki 36 za masomo, hiyo ni dakika 180, yaani masaa matatu. Umelipa 80,000 kwa kila saa ya kukosolewa.

Kozi B: 30,000 kwa wiki kumi, watu sita, dakika 15 zako kila wiki. Hiyo ni dakika 150, masaa mawili na nusu. Umelipa 12,000 kwa saa.

Shule A inaweza kuwa na vitu vingine: kompyuta kali, marafiki watakaokuita kwa kazi kesho, cheti, deadline za kukuamsha. Hizo zina thamani. Ng'endo Mukii mwenyewe alipitia Rhode Island School of Design Marekani na Royal College of Art London. Mimi sikumaliza college lakini siwezi kukuambia shule ni ujinga. Nakuambia tu piga hiyo hesabu na namba za shule yako kabla utume doh.

NJIA ZILIZOPO, NA NANI ZINAMFAA

Digrii ya chuo kikuu. Kenyatta University na University of Nairobi wana masomo ya sanaa na design. Ni miaka minne. Inafaa kama unataka kufunza, kutafuta masters ama visa ya kwenda ng'ambo. Kwa msee wa miaka 28 na mtoto, ni ngumu.

Diploma ya chuo cha private. Nairobi wako kadhaa. ADMI ndio jina utasikia sana kwa mambo ya filamu na animesheni. Karo hupanda, so hapa ndio ile hesabu ya dakika inafaa zaidi.

TVET za serikali. Watu huzidharau bure. Karo iko chini, unaweza kuingia kupitia KUCCPS, na HELB hukopesha wanafunzi wa TVET pia. Angalizo: mahali pengine "graphic design" ni kuchapa kadi za harusi. Itisha orodha ya masomo, soma kila unit, uone kama animesheni iko ama ni jina tu.

Shule za mtandaoni za ng'ambo. Kama Animation Mentor, iliyoanza 2005, ambapo watu wa studio kubwa wanakosoa kazi yako. Ni kali, lakini karo ni ya dollar, na shilingi ikiteleza katikati ya mwaka wewe ndio unalia. Iweke ya mwisho, ukishakuwa na msingi na unajua ni kitu gani kimoja kinakukwamisha.

Kukaa chini ya fundi. Studio ndogo, msee wa matangazo, kikundi cha wasanii. Unasafisha mistari, unapaka rangi, unaona vile client anakataa kazi mara tano. Ukipata mahali wanakupa hata fare, shika. Lakini weka tarehe ya mwisho: internship ya bure ya mwaka mzima ni kazi bila mshahara.

Mchanganyiko. Kwa mtu anahama kazi na mfuko mdogo, hii ndio mi naona inaeleweka: masomo ya bure kwa programu, kuchora mtaani kila siku, halafu kozi moja fupi ya kulipia yenye darasa dogo. Unalipia kile kitu YouTube haiwezi kukupa.

KARO NI NUSU YA BILL

Kuna gharama hawaweki kwa poster. Kompyuta, stima, bundles, fare, na mshahara utakosa ukiacha kazi. Ziandike zote kwa karatasi moja.

Kwa kompyuta, Blender inahitaji angalau RAM ya 8GB na kadi ya picha yenye 2GB. Hiyo ni ya kuanzia tu. Ukiwa na 16GB utapumua. Ukienda kununua ex-UK pale tao, beba Blender kwa flash disk. Ile ya zip haihitaji kuinstall, unafungua tu inaanza. Iweke kwa hiyo mashine, songesha kitu, jaribu kutoa picha moja, uone kama inaanza kulia kama posho mill. Muuzaji akikataa ujaribu, hama duka.

Tableti ya kuchora, anza na ile haina kioo. Huion, XP-Pen na Wacom zote wana ndogo za bei ya chini. Utachora hapa ukiangalia kule kwa wiki mbili na utachanganyikiwa, halafu mkono unazoea.

MASWALI YA KUULIZA KABLA UTUME DOH

Ingia ofisini, kaa, uliza haya. Usione aibu, ni pesa yako:

1. Nionyesheni rili za wanafunzi waliomaliza mwaka jana. Za wanafunzi, si za mwalimu.
2. Darasa lina watu wangapi, na kazi yangu itaangaliwa mara ngapi kwa wiki?
3. Mwalimu alifanya mradi gani mwisho, na lini?
4. Lab iko wazi saa ngapi? Kama nafanya job mchana, naweza kuja jioni ama Jumamosi?
5. Kila mwanafunzi ana kompyuta yake ama tunashare?
6. Naweza kulipa pole pole? Nikiacha, narudishiwa ngapi? Nataka hiyo kwa maandishi.
7. Naweza kukaa darasa moja bure nione?
8. Mmesajiliwa na nani?

Hiyo ya mwisho usichukulie poa. Vyuo vya diploma na certificate husajiliwa na TVETA, digrii iko chini ya CUE. Waulize namba, halafu uiconfirm na wenyewe, usitegemee ile karatasi iko kwa fremu ukutani. Kama hutawahi kuhitaji cheti, sawa. Lakini maisha huzunguka. NGO, serikali na embassy bado hupenda karatasi.

Halafu tafuta watu watatu waliosoma hapo. Usitumie wale shule imekupa. Watafute LinkedIn ama Instagram, waulize swali moja: "Ungelipa tena?"

RADA CHAFU: UKIONA HIZI, TOKA

- "Job guaranteed." Hakuna anayeweza kukuahidi kazi kwa biashara ya miradi.
- "Offer inaisha leo saa kumi." Shule ya maana haiuzwi kama viatu vya mtumba.
- Poster imejaa wahusika wa Disney na hakuna hata kazi moja ya mwanafunzi.
- Wanataka utume karo kwa namba ya simu ya mtu badala ya Paybill ama akaunti ya shule.
- Wiki sita, utajua 2D, 3D, kuedit, game na AI. Hata ugali mzuri unahitaji muda.

Tukigusa AI: ndio, inabadilisha hii kazi, na baadhi ya kazi ndogo za kuanza zitapungua. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kutolipa mtu akufunze vitufe, juu vitufe hubadilika kila mwaka. Jicho la kujua kwa nini mwendo umekufa, na kichwa cha kutunga hadithi ya mtaa wako, hivyo ndivyo vya kulipia.

USIANDIKE RESIGNATION BADO

Weka mistari miwili ya kuvuka kabla uache kazi. Wa kwanza: uko na rent na chakula cha miezi sita pembeni, mbali na karo. Wa pili: watu watatu ambao si marafiki wala cousin wako wamekulipa kwa kazi ya animesheni. Ukivuka yote, hama na amani. Ukivuka moja, bado kidogo.

Hizo kazi tatu za kwanza utazipata karibu: msanii wa mtaa anataka video ya maneno ya wimbo, salon inataka logo isonge, kanisa linataka tangazo la kesha. Itisha nusu ya malipo kabla uanze. Andikianeni, hata kama ni WhatsApp, ni marekebisho mangapi yako ndani ya bei, na kwamba unaruhusiwa kuweka hiyo kazi kwa rili yako. Bila hiyo ruhusa, unaweza kufanya kazi kali na ukose kuionyesha.

Na mathe? Mzazi aliyekulipia shule akisikia unaacha mshahara uende "kuchora katuni", ataona giza. Usimpelekee hotuba. Mpelekee video ya sekunde kumi, halafu ile M-Pesa message ya client wa kwanza. Mweleze pia ile mistari miwili. Mzazi akiona kuna mpango, maswali hupungua.

WIKENDI HII FANYA HIVI

Ijumaa usiku, weka Blender, Krita ama FlipaClip kulingana na kifaa uko nacho. Jumamosi, nenda stage na daftari ya mbao, uchore watu ishirini kabla ya chai ya saa nne. Jumapili, dundisha mpira wako wa kwanza, umwonyeshe mtu bila kumwambia chochote, umuulize ni mzito ama mwepesi. Jibu lake ndio darasa lako la kwanza. Andika tarehe, hesabu siku 90, na hiyo doh ya Sacco iache ilale hadi hapo.